Habari za Wenzetu Tuliosoma Nao

(Mazungumzo ya ibada ya asubuhi, kama yalivyosomwa redioni. Masomo: Wakolosai 4:7-18 na 2 Timotheo 1:16-18.)

Leo tungependa tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mtu hulifanya, lakini ni mara chache tunakaa na kulifikiri. Jambo lenyewe ni kuulizana habari za wenzetu tuliosoma nao.

Hapa Mikindani tunakohudumu, watu wametoka pande nyingi. Wako wenyeji wa pwani hii, wako waliotoka Rabai na Taita, na wako waliotoka bara zamani kuja kutafuta kazi bandarini Kilindini, katika reli, na katika kiwanda cha kusafisha mafuta kule Changamwe. Jumapili baada ya ibada, simama kidogo nje ya kanisa nawe utawasikia. Wawili wamekutana, wanatazamana, kisha mmoja anasema, "Si wewe tulikuwa bweni moja?" Hapo tena mazungumzo hayaishi. Yule mwalimu wa hesabu yuko wapi? Yule aliyekuwa akipiga kengele? Na yule mrefu aliyekuwa golikipa?

Wengi wa wazee wetu wa kanisa, ingawa ni Waanglikana wa kuzaliwa, walisoma kwa mapadri au kwa masista. Si ajabu. Mzazi wa siku zile alitazama shule iliyo karibu, inayofundisha vizuri, ambayo karo yake angeweza kuipata kwa kuuza mbuzi au mahindi. Tofauti za madhehebu zilikuwepo, na mara nyingine zilikuwa kali, wala hatuzifichi. Lakini mtoto aliyefundishwa kusoma na padri ameweza kujisomea Neno la Mungu mwenyewe. Twamshukuru Mungu kwa kila mwalimu aliyemfungua mtoto macho.

Sasa, ukisikiliza vizuri habari wanazopeana hao waliosoma pamoja, utaona ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya yule aliyepata cheo: "Umesikia? Siku hizi ni mkubwa serikalini." Ya pili ni ya yule aliyefariki: "Hukupata habari? Tulimzika mwaka juzi." Na ya tatu ni fupi kuliko zote. Mtu anaulizwa juu ya mwenzake, anafikiri kidogo, kisha anasema, "Huyo hatumsikii." Basi, wanapita kwa mwingine. Ndugu zangu, ni juu ya huyo asiyesikika tunataka kusema leo. Lakini kwanza tuwatazame wale waliosikika.

Tuchukue shule moja ya Katoliki ambayo habari za wanafunzi wake zilifika nchi nzima. Mwaka 1925 Mapadri wa Roho Mtakatifu, wakiongozwa na Padri Michael Witte, walianzisha shule huko Kabaa, upande wa Machakos. Baadaye masomo ya sekondari yakahamishiwa Mang'u, si mbali na Thika, nayo shule ikaitwa Holy Ghost College. Siku hizi twaijua kwa jina la Mang'u High School. Shule hiyo ina neno lake la Kiswahili ambalo kila aliyepita pale analikumbuka hata uzeeni: Jishinde Ushinde. Ni neno jema, tena ni la Kikristo kabisa. Mfalme Sulemani alikwisha kufundisha katika Mithali kwamba anayeitawala roho yake ni mkubwa kuliko anayeteka mji.

Katika miaka ya 1940 walikuwepo Mang'u vijana wawili wakati mmoja. Mmoja ni Tom Mboya, mtoto wa mfanyakazi wa shamba la mkonge huko Kilimambogo, aliyeingia mwaka 1946. Wa pili ni Mwai Kibaki, mtoto wa mkulima wa Othaya, aliyeingia mwaka 1947. Kibaki aliendelea hadi Makerere, na baadaye akasoma London. Mboya hakuendelea. Fedha za masomo zaidi zilikosekana nyumbani, naye akaenda kujifunza kazi ya ukaguzi wa afya, ile ambayo watu humwita mwenye kuifanya Bwana Afya.

Hebu fikirini. Kama wenzao wawili wangekutana mwaka 1951 na kuulizana habari, wangesema nini? Wangesema, "Kibaki yuko Makerere. Mboya? Huyo anakagua mitaro pale Nairobi." Pengine mmoja angetikisa kichwa na kusema, "Masikini, naye alikuwa na akili." Hivyo ndivyo tunavyowapima wenzetu. Tunamkuta mtu katikati ya safari, nasi tunasema amekwisha fika.

Wako kati yenu wasikilizaji wa Mombasa ambao baba zao au babu zao walikuwa makuli wa Kilindini, nao waliwasimulia mgomo wa mwezi wa Machi, mwaka 1955. Maelfu ya wafanyakazi wa bandari waliacha kazi kwa sababu ya mshahara mdogo, na mji ukajaa hofu. Aliyekuja kutoka Nairobi kusema nao alikuwa yule yule mkaguzi wa mitaro. Wakati huo alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na umri wake ulikuwa miaka 24. Aliwasihi warudi kazini ili shauri lao lisikizwe kwa utaratibu. Wakarudi, shauri likasikizwa, na mshahara ukaongezwa.

Tena tazameni jambo hili. Yeye aliyekosa fedha za kuendelea na masomo ndiye aliyehangaika kuwatafutia wengine nafasi. Mwezi wa Septemba, mwaka 1959, ndege iliondoka Nairobi ikiwa na wanafunzi 81 waliokwenda kusoma Marekani, na Mboya alikuwa mbele katika kazi hiyo. Mwaka uliofuata walikwenda wengine wengi zaidi. Mmoja wao alikuwa msichana aliyesomeshwa na masista, kwanza Mathari huko Nyeri, kisha Loreto, Limuru. Huyo ni Wangari Maathai, aliyeanzisha kazi ya kupanda miti mwaka 1977, akapewa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004, na kufariki mwaka 2011. Mlango uliofungwa mbele ya mtu mmoja, naye akautafutia wengine ufunguo. Angeweza kuwa na uchungu. Angeweza kusema, "Mimi nilikosa, na wao wakose." Hapo ndipo twaona maana ya kujishinda.

Mboya alipigwa risasi mchana katikati ya Nairobi, Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, akiwa na miaka 38. Alizikwa kisiwani Rusinga. Mwenzake Kibaki aliishi hadi tarehe 21 Aprili 2022, akiwa na miaka 90. Huyu alikuwa Rais wa tatu wa Kenya, kuanzia mwisho wa mwaka 2002 hadi mwaka 2013, na mwezi wa Januari, mwaka 2003, serikali yake iliondoa karo katika shule za msingi. Zaidi ya watoto milioni moja waliokuwa nje wakaingia darasani. Hata hapa kwetu twawakumbuka watoto waliokaa sakafuni kwa sababu madawati hayakutosha.

Lakini habari za mtu hazina budi kuelezwa zote. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nchi yetu iliingia katika mauaji, na zaidi ya watu 1,000 walipoteza maisha yao. Wengi walifukuzwa makwao. Tarehe 28 Februari 2008, Rais Kibaki na Bwana Raila Odinga walitia sahihi mapatano ya kugawana madaraka, na bunduki na mapanga vikatulia. Twajiuliza, kama kujishinda huko kungalikuja mapema zaidi, ni mama wangapi wasingalilia? Neno la shule haliishi siku ya kutoka shuleni. Humfuata mtu hata akiwa mkubwa, nalo humwuliza kila siku kama amejishinda leo.

Yuko na wa tatu, aliyewatangulia hao wawili kwa mapadri hao hao. Huyu ni Maurice Otunga, aliyezaliwa mwaka 1923, mwana wa chifu Sudi Namachanja wa upande wa Bungoma. Mtoto wa chifu aliyesoma angeweza kutafuta ukubwa wa nyumbani, lakini yeye alichagua upadri. Mwaka 1973 alifanywa kadinali, Mkenya wa kwanza kupewa cheo hicho, naye alikuwa Askofu Mkuu wa Nairobi hadi mwaka 1997. Alipostaafu, alikwenda kuishi Nyumba ya Wazee, Nairobi, mahali ambapo masista huwatunza wazee maskini wasio na wa kuwatunza. Mtu aliyeketi pamoja na wakuu wa dunia alimaliza miaka yake kati ya wazee waliosahauliwa. Alifariki mwezi wa Septemba, mwaka 2003. Sisi Waprotestanti tuna mambo ambayo hatuyafundishi kama wao, lakini mbele ya mfano kama huo ni vema tukavua kofia.

Ndugu wapendwa, tumesikia habari za wakubwa. Je, habari hizo ni za kufanyia nini? Wengine wakisikia habari za mwenzao aliyefanikiwa, roho zao huumia, wanasema, "Na mimi je? Tulikuwa dawati moja." Wengine wakisikia habari za aliyeanguka, hufurahi kidogo moyoni, ingawa mdomo unasema pole. Hao wanaitumia habari ya mwenzao kama mizani ya dukani, kupimia nani mzito na nani mwepesi. Lakini Maandiko yatuonyesha matumizi mengine.

Fungueni Waraka kwa Wakolosai, mlango wa nne. Wengi wetu tukifika kwenye salamu za mwisho tunafunga kitabu, twaona ni orodha ya majina tu. Katika chuo cha theolojia tulifundishwa tusifanye hivyo, na kwa sababu njema. Paulo yumo kifungoni. Anamtuma Tikiko aende Kolosai kuwapasha watu habari zake zote na kuwafariji mioyo. Pamoja naye anamtuma Onesimo, ambaye watu wa huko walimjua kama mtumwa aliyetoroka. Paulo anamwita ndugu mpendwa. Kisha anatoa habari za Marko, naye asema wampokee akifika. Kwa nini aseme hivyo? Kwa sababu Marko aliwahi kuiacha safari katikati na kurudi nyumbani, na jambo hilo lilileta ugomvi mkubwa kati ya Paulo na Barnaba. Habari ya zamani ya Marko ilikuwa mbaya. Paulo anatuma habari mpya.

Yumo na Dema katika salamu hizo. Siku ile alikuwa pamoja nao. Baadaye Paulo anamwandikia Timotheo kwa huzuni kwamba Dema amemwacha kwa kuupenda ulimwengu, na katika maneno yale yale anaomba Marko aletwe, kwa kuwa anamfaa. Mnaona? Aliyesimama ameanguka, na aliyeanguka amesimama. Tusiwe wepesi kuyafunga majina ya watu katika daftari letu. Mungu hajalifunga lake.

Na yuko mmoja tunayempenda sana katika habari hizi, naye ni Onesiforo. Alipofika Rumi hakuuliza tu, "Paulo yuko wapi?" kisha akaendelea na shughuli zake. Alimtafuta kwa bidii hadi akampata, wala hakuuonea haya mnyororo wake. Rumi ulikuwa mji mkubwa, na wafungwa walikuwa wengi. Kumtafuta mfungwa aliyeshitakiwa kwa Kaisari ilikuwa hatari. Lakini Onesiforo alitumia miguu yake. Kwake yeye habari ya mwenzake ilikuwa wito wa kwenda.

Sasa turudi hapa kwetu. Kiwanda cha mafuta Changamwe kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Kazi za bandarini nazo zimebadilika. Mashine moja yafanya kazi ya watu wengi. Wako wanaume katika mitaa yetu waliokuwa na kazi nzuri, waliosomesha watoto, ambao leo hawana kitu. Ukiwaita katika mkutano wa wanafunzi wa zamani hawaji. Si kiburi. Wanaona haya kwa sababu ya viatu. Wanaogopa lile swali, "Siku hizi uko wapi?" kwa kuwa hawana jibu la kulisema mbele ya watu. Mtu wa namna hiyo akimwona mwenzake wa zamani anateremka kwenye matatu, hupita uchochoro mwingine.

Kisha siku moja habari yake inafika, nayo ni ya namna ile ya pili. Amefariki. Hapo ndipo tunapoonekana wengi. Viti vinapangwa nje ya nyumba, daftari la michango linapitishwa, tunakutana kila jioni kwa juma zima. Tunahesabu gharama ya jeneza, gari la kusafirisha mwili hadi bara, petroli na chakula. Fedha zinapatikana! Waliosoma naye wanasimama mmoja mmoja kueleza jinsi alivyokuwa hodari wa mpira na mcheshi bwenini. Mjane amekaa ndani anasikiliza sauti za watu ambao hakuwahi kuwaona mlangoni pake. Pengine anakumbuka ile miezi minne ambayo mumewe alihitaji nauli tu ya kwenda hospitali.

Hatusemi haya ili kuwazuia watu kuchangia maziko. Kumzika mwenzako kwa heshima ni kazi njema, na desturi zetu juu ya hilo ni nzuri. Lakini twauliza: kwa nini tumjue njia ya kwenda kwake siku ambayo yeye hawezi tena kutufungulia mlango?

Basi, wapendwa, tuna mambo matatu machache ya kuwaomba.

La kwanza, kila mmoja wetu amkumbuke mtu mmoja wa zile siku za shule ambaye hasikiki. Usitafute wote, tafuta mmoja. Uliza mpaka ujue anakaa wapi, iwe ni Likoni ng'ambo ya feri, au Kisauni, au nyumba ya tatu kutoka kwako. Kisha nenda mwenyewe. Usiende na watu wengi, maana utamwaibisha. Nenda na mkate au sukari kama ilivyo desturi, uketi, umsikilize.

La pili, ukisha kumwona, ulinde ulimi wako. Kuna kupashana habari, na kuna umbeya. Tikiko alipeleka habari ili mioyo ifarijiwe. Ukirudi na habari ya mwenzako, jiulize kwanza, je, nikiisema itamletea msaada, au itamletea kicheko? Kama ni kicheko, imeze.

La tatu ni kwa chama chochote cha wanafunzi wa zamani, kiwe cha shule ya Katoliki, cha Kianglikana, au cha serikali. Msiwe na mfuko wa maziko peke yake. Wekeni na mfuko mdogo wa walio hai: wa dawa, wa nauli, wa karo ya mtoto wa mwenzenu aliyeachishwa kazi. Msiulize sasa anasali wapi. Mwenyeji wa Samaria hakumwuliza yule majeruhi ni wa dhehebu gani.

Na kabla hatujamaliza, tuna neno kwako wewe uliyejificha. Labda unatusikiliza peke yako, redio imewekwa chini ili majirani wasijue kwamba bado umo ndani saa hii, wakati wengine wamekwenda kazini. Ulikuwa wa kwanza darasani, na watu walitazamia makubwa kwako. Wewe wajiona kama habari mbaya. Ndugu yetu, Paulo alikuwa na mnyororo mkononi, lakini hakuona haya kuwaomba ndugu wakumbuke vifungo vyake. Kusema, "Nimefungwa, nikumbukeni," si aibu kwa Mkristo. Hilo nalo ni kujishinda, na pengine ni kugumu kuliko kupata cheo. Leo, mtumie mmoja wa wenzako neno. Mwambie tu uko wapi. Bwana Yesu anajua jina lako na mlango wako, na hata sasa hajaacha kukuulizia.

Tuombe.

Ee Bwana Mungu wetu, twakushukuru kwa waalimu waliotufundisha, kwa mapadri na masista, kwa wachungaji na waalimu wote waliotuvumilia tukiwa watoto. Twawakumbuka mbele zako wenzetu tuliokaa nao dawati moja: waliopata madaraka, uwape kujishinda, waliolala, uwapumzishe, na wale wasiosikika, Bwana, utufundishe njia ya kwenda kwao wangali hai. Utupe miguu ya Onesiforo na ulimi wa Tikiko. Twaomba kwa jina la Yesu Kristo, Bwana wetu. Amina.